Moyo Wangu Umepimwa Mara Mbili

Malindi, Alhamisi, 1986

Joto limetuandama tangu alfajiri, na mimi nimejaa dharau hadi kooni. Naiandika hapa, maana nikiitamka Mama atasema sina adabu.

Juzi niliachwa kabla ya kuolewa.

Utotoni niliugua homa ya viungo, ile iwezayo kuharibu moyo, na Bi Salma, mamake mchumba wangu Athmani, hakuisahau. Aliposikia hospitalini kuna daktari mgeni mwenye mashine ya kusikiliza moyo, aling'ang'ania nipimwe kabla siku ya harusi haijatajwa. Akanifuata hadi ndani. Daktari alipotaka kuniwekea kipaza sauti kifuani, akaruka: "Mtoto wa watu hafunuliwi mbele ya mwanamume! Weka papo hapo juu ya leso aliyojifunga."

Naye bingwa wetu akakubali. Mashine yake, alisema, huchuja kelele zote ikabakisha moyo peke yake. Sindano ya mashine ikachora mapigo kwenye karatasi. Akaitazama karatasi, mimi hakunitazama, akatangaza kuna mkwaruzo baina ya pigo na pigo. Vali mbovu, yaani kilango cha moyo hakifungi sawasawa.

Kabla ya magharibi Athmani alishamtuma mjomba wake kuvunja posa. Mwenyewe hakuthubutu. Mwanamume mzima na ndevu zake!

Niliogopa kufa. Hilo sitamwambia mtu.

Leo nimeitwa tena hospitalini nipimwe upya. Muuguzi wa kike alivuta pazia, akaniwekea kipaza sauti kwenye ngozi, na mkwaruzo haukuwapo. Ilikuwa leso, ikisuguana na kipaza sauti kila nilipovuta pumzi. Daktari akacheka kana kwamba nimemfanyia mzaha. Neno samahani sidhani analijua kwa lugha yoyote.

Habari zilimfikia Bi Salma kabla sijafika nyumbani. Alasiri huyo, na sinia ya halua: "Mwanangu Rukia, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Mama, masikini, akakimbilia kutia kahawa.

Athmani, aliyekuja naye, alisimama ukumbini. Nilingoja neno moja tu la kuona haya. Akauliza, "Una hakika hii ya pili ndiyo ya kweli? Hebu niione."

Nikampa karatasi ya leo. "Hii ndiyo nzima," nikamwambia. "Ioe."

Wamekwenda. Mama hasemi nami. Nimelia, sikatai, kwa sababu nilimpenda. Lakini najiuliza: ningeugua kweli, mtu yule angeniletea hata maji ya kunywa?