Ala Uliyoiacha Mbichi

Mume wangu,

Kisu cha Mzee Faki kimetoka. Naanza na hilo kwa sababu najua uliondoka nalo moyoni. Homa ilipokupanda ulikuwa ukisema, "Kisu... ngozi mbichi bado," nasi tukidhani unaweweseka, tukakubadilishia kitambaa cha kichwa. Kumbe ulikuwa unatukabidhi amana ya mtu.

Tulijua baada ya hitima, Mzee Faki alipokuja barazani. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya mlango, maana nakaa eda yako. Akanipa pole, akaniombea subira. Nilimsikia akikohoa.

"Bi Zuhura mwanangu, nisamehe. Mie mchinjaji, na Idi ya Mfunguo Tatu hiyo inakuja. Kisu cha baba yangu alikuwa nacho Haji, ananishonea ala mpya."

Dada yako Mize ndiye aliyekiona. Kilikuwa kinaning'inia ukutani juu ya kigoda chako, ndani ya ala uliyoishona ukailowesha, ukakitia humo ili ngozi ishike umbo lake. Siku zote ulikuwa ukikichomoa kesho yake, ngozi ingali na unyevu kidogo, ndipo unaipaka mafuta. Safari hii hukuipata kesho yake. Ngozi ilikuwa imekauka na kukibana kisu kama ngumi. Na kwa mvua hizi za vuli ilikuwa imeota ukungu mweupe, kama iliyomwagiwa unga.

Mize akashika mpini, mimi nikashika ala, tukavuta. Akateleza, akakaa chini puu! Tukacheka, Mungu atusamehe. Kilikuwa kicheko cha kwanza ndani ya nyumba hii tangu utoke, na kilipokwisha hatukuweza kutazamana.

Kisu hakikusogea hata kidogo.

"Pasua," Mize akasema. "Ngozi si mtu."

Mzee Faki, bado yuko barazani, naye alikuwa na hofu yake. "Nikiazima kisu butu nikamtesa mnyama wa watu, nani atanibebea dhambi? Siku ya Arafa, alasiri, naja. Kikitoka kimetoka. Kisipotoka naikata hiyo ala, mwanangu, na Haji ataniwia radhi."

Ilikuwa kazi yako ya mwisho. Mishono yote ile midogo midogo, uliyoishona huku ukilalamika kuwa mafuta ya taa hayapatikani kwa ajili ya vita vya watu wengine, ningeikata vipi kwa wembe? Na ningeiacha vipi, iwapo ndani yake mna amana ya mtu na huenda inakula kutu? Nilikaa na kile kisu mapajani nisijue nianzie wapi.

Ndipo nikakumbuka ulivyomwambia yule kijana wa Kojani aliyekuja na ala yake iliyokakamaa kwa maji ya chumvi. Ulimwambia, "Ngozi bado ni ng'ombe. Ukimvuta, naye anakuvuta. Mpe kitu kinywani, kisha mngoje."

Nikaliteremsha kopo lako la mafuta ya mkia wa kondoo. Nikayayeyusha, nikayatonesha kwenye kinywa cha ala, tone kwa tone, yakishuka kando ya ubapa. Nikaiegemeza uani juani, ncha chini. Huu ni msimu wa karafuu, mikeka imejaa hadi mlangoni petu, na kila wingu likija watu wanapiga kelele, "Mvua! Mvua!" na kukimbilia mikeka yao. Nami nilikuwa nikikimbilia ala yangu, naikumbatia kifuani isipoe. Mize alikuwa akinitazama, anatikisa kichwa.

Siku ile ilipita, kisu hakikutoka. Iliyofuata nikakipinda mpini kidogo, kulia, kushoto, bila kuvuta. Nikasikia kitu kama mtu anayetoa pumzi. Kikaja chenyewe.

Mume wangu, ubapa ulikuwa unang'aa. Ulikuwa umeupaka nta kabla ya kuutia katika ngozi mbichi. Jioni ile mikono ilikuwa tayari inakutetema, nilikuona, ukasema ni baridi tu. Na bado uliupaka nta kisu cha watu.

Lakini ala bado ilikuwa na ukungu. Niliufuta kwa kitambaa kikavu, asubuhi ukarudi. Nikaufuta tena, nikaanika, ukarudi. Mzee Faki asingeipokea ala itakayomwozea kiunoni, na mie nisingemlaumu. Dawa yake naijua. Ni ile chupa yako ya mafuta ya nazi uliyoloweka karafuu, iliyo dirishani. Nikazibua kizibo, nawe ukaingia chumbani.

Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo. Ilikuwa harufu ya mikono yako unaponipokea kikombe cha kahawa. Ilikuwa foronya yako, ambayo walikwisha kuifua.

Mize akaingia nyuma yako.

"Zuhura! Unanukia!"

"Wifi, kisiwa kizima sasa hivi kinanukia karafuu, hata mbuzi. Pua yako imeniona mie tu?"

"Mbuzi hakai eda." Hakucheka. "Watu watasema udongo wa kaka yangu haujakauka, mkewe keshajipaka manukato."

Nilitaka kumjibu kuwa ni kazi, si pambo. Lakini ingekuwa kazi tu, mbona nilikuwa nimekwisha kuvileta viganja usoni kabla hata ya kuigusa ala? Mungu anajua nilichokuwa nakitaka. Nikarudisha kizibo, nikaosha mikono.

Siku ya Arafa ikafika, Idi ni kesho, na ala ikaamka na ukungu wake. Mize alikuwa amefunga. Aliketi mlangoni akiichungulia njia, akageuka kuitazama ala, kisha njia tena. Nikamwambia, "Basi lete mikono yako weye."

"Mie? Mie sijui ngozi!"

"Mikono tu. Maneno ninayo mimi."

Nikakaa mbali, upande wa upepo, nikamwelekeza kama ulivyokuwa ukifanya. Mafuta yaanzie kwenye kitambaa, yasimwagwe juu ya ngozi. Anza kinywani, shuka nchani, usirudi nyuma. Sasa weka kitambaa chini, tumia kiganja, mpaka ngozi ipate joto. Nta kidogo. Halafu kauri yako, lile kombe la kusugulia, kwenye kingo, mpaka zilainike na kung'aa. Alikuwa na papara mwanzoni. Nikamwambia, "Taratibu, husugui sufuria." Akanuna, akaendelea.

Kisha akasita. Akakiinua kiganja chake polepole mpaka puani.

"Kaka," akasema.

Alilia kwa muda mrefu. Mafuta yalikuwa yamemjaa mikononi, hakuwa na cha kujifutia machozi, nikamfuta kwa kanga yangu. "Kumbe ndicho nilichokukataza," akasema. Akamaliza kazi, akaja kuketi karibu nami, mikono mapajani, viganja juu. Hakunisogezea. Wala hakuiondoa.

Alasiri Mzee Faki akapiga hodi, na wembe anao. Mize akampelekea. Nikachungulia upenyoni. Alifanya jaribio lako lile lile, akaipindua ala kichwa chini juu ya mkeka, kisu ndani, akangoja. Kisu hakikudondoka. Akakishika mpini kwa vidole viwili tu, kikatoka bila ugomvi.

"Hii ya Haji hii," akasema. "Nani kaimalizia?"

Mize akafungua mdomo. Nikamwahi, nikiwa nyuma ya mlango: "Kaimaliza mwenyewe."

Leo Idi. Nimesikia takbira tangu alfajiri, na Mzee Faki ametuletea maini. Mize ameyapika. Mikono hajaiosha vizuri, maini yana karafuu, na hakuna aliyelalamika.

Chupa yako nimempa yeye aiweke. Eda ikiisha nitaizibua mwenyewe, nizimalize zile ala mbili zilizobaki kigodani, na nyingine zitakazokuja. Nakuahidi hakuna kisu cha mtu kitakacholala humu kwenye ngozi mbichi zaidi ya usiku mmoja.

Mama yangu alinifunza mke hamwiti mumewe kwa jina, nami nilikuita Bwana miaka yote. Leo naomba ruhusa.

Amana imefika, Haji. Pumzika.

Zuhura