Moshi wa Halima

Nekesa mjukuu wangu,

Huku Kakamega hatujambo, ila goti langu linanisumbua. Umepata kazi ya uuguzi mbali, nawe una mtoto mdogo, ukaniuliza niliwezaje kuhamia Wajir miaka ile ya themanini, mama yako akiwa na miaka mitatu na mjomba wako angali mgongoni.

Sikuweza, mama. Miezi miwili hakuna aliyebisha hodi kwangu. Nikitoka zamu, naongea na watoto tu.

Siku moja jirani yangu Halima akaniletea maziwa ya ngamia katika chombo chake cha kusukwa, kilichofukizwa moshi ili maziwa yasiharibike. Mimi na uuguzi wangu nikakisugua kwa sabuni hadi kikaacha kunuka, nikamrudishia kwa fahari.

Akakinusa. "Sista, moshi yangu umebeleka wapi?"

Nikaangua kilio, hata cha mambo yasiyohusu chombo. Halima akaketi, akaitisha makaa, tukakifukiza upya pamoja. Hakuondoka mpaka jioni.

Nenda na mtoto. Ukikosea huko, usijifungie ndani.

Nilipohama alinipa chombo kile. Nyumba ikizidi ukimya, huwa nakifungua nikanusa.

Bibi yako