Miwani Iliyosema Siku ya Posa

Ihembe, Karagwe,
Jumatano, 9 Julai 2025.

Mpendwa mdogo wangu Rwegoshora,

Naanza kwa kukuomba radhi. Barua yako ya Februari ilinifikia salama, nami sikuijibu. Mtu aliyewafundisha wengine kwa miaka thelathini na minne namna ya kujibu barua hana udhuru wa kukaa kimya miezi mitano. Nilikuwa nikingoja jambo la binti yako Katusiime likamilike ili nikuandikie habari moja iliyo nzima. Halikukamilika, na sasa siwezi kungoja tena.

Je, hujambo? Shemeji Celestina hajambo? Kifua chake kimetulia, au baridi ya Tunduma bado inamsumbua? Sisi huku tu wazima. Goti la mke wangu Benadeta haliruhusu tena mteremko wa kisimani, lakini sauti yake haijapungua nguvu. Migomba imepona ule mnyauko uliotutia hofu mwaka jana, na kahawa tumeanza kuianika.

Ulipomwacha Katusiime kwangu akiwa na miaka tisa, uliniambia kwamba siku ya kuposwa kwake niwe wewe. Siku hiyo imefika, ilikuwa Jumamosi iliyopita, nami nimeduwaa mpaka leo. Nakueleza yote kama ambavyo ungeyaona kwa macho yako. Sikutaka kukueleza kwa simu. Ukiimaliza barua hii utajua kwa nini siku hizi siziamini simu.

Mchumba ni Elpidius, kijana wa Isingiro, kule Kyerwa. Amekulia Shinyanga, akarudi miaka mitatu iliyopita kukaa katika kibanja cha babu yake. Ni fundi wa umeme wa jua. Huzunguka kwa pikipiki kutoka Isingiro hadi Kimuli, na huku kwetu pia. Ni mchapakazi, halewi, na kanisani huonekana.

Kasoro yake ilikuwa miwani nyeusi. Aliivaa juu ya pikipiki, na hapo sikumlaumu, maana vumbi la Juni unalijua. Lakini aliivaa pia migombani, mlangoni mwa kanisa, na hata alipokuwa akitoa shikamoo. Tukaamini kwamba ana ugonjwa wa macho. Benadeta alimwombea kila jioni. Mimi, kwa kuwa ni wajibu wangu kuchunguza, niliwauliza majirani zake kwa siri kama ukoo wao una upofu. Harerimana, jirani yetu mfugaji ambaye sasa ndiye mzee wa baraza letu, alisema, "Ng'ombe anayeuzwa amefunikwa jicho, Mwalimu, ujue jicho hilo halipo."

Mwezi huo wa Juni Elpidius alinikuta uani nikianika kahawa. Alisimama pembeni mwa mkeka, akanitazama, au hivyo ndivyo nilivyodhani, kisha akasema kwa sauti kubwa, "Bado! Geuza upande wa pili!" Nilishtuka. Hata hivyo, niligeuza. "Siyo hivyo, bwana! Polepole, utaharibu!" Basi nikageuza polepole, mimi mwenye miaka sabini na mitatu, mpaka alipotoa shikamoo na kuniambia kwamba alikuwa akizungumza kwa simu na fundi mwenzake aliyekuwa juu ya paa huko Kimuli. Niliyatazama masikio yake yote mawili. Hayakuwa na kitu. Nikadhani simu ilikuwa mfukoni, inapaza sauti.

Sasa nije Jumamosi. Walifika saa nne, watu watano, wakiongozwa na mshenga wao, Leonadi, mtu mzima mwenye maneno laini. Walileta jembe jipya lisilo na mpini, kama tulivyowaagiza. Leonadi aliomba kijana aruhusiwe kubaki na miwani kwa sababu ya macho. Tukaruhusu kwa huruma. Kisha nikaamuru simu zote ziwekwe katika kikapu miguuni pa dada yetu Placidia, ili baraza lisikatizwe. Elpidius aliweka yake kwanza, kwa mikono miwili, kwa adabu iliyonifurahisha.

Tukawapa akamwani, yaani buni za kutafuna, na mazungumzo yakaanza. Unakumbuka agizo la marehemu baba: katika nyumba yetu mshenga hufungua mlango tu, lakini mposaji hujieleza kwa kinywa chake. Hutaja ukoo, muziro, na baba zake hadi wa sita, tena kwa Kinyambo. Niliogopa kwamba kijana wa Shinyanga angeaibika.

Hakuaibika. Alitaja ukoo. Akasema muziro wao ni pongo na hawamli. Akawapanga baba zake sita kama mtu anayepanga mikungu ya ndizi, mmoja baada ya mwingine, kwa Kinyambo cha bibi kizee. Alikuwa akitua kidogo kabla ya kila jibu, nami nikakuhesabu kutua kule kuwa hekima.

Nikamuuliza swali ambalo halikuwa katika desturi: akifika ukweni akakuta msiba, ataingiaje? Akatua tena. Kisha akajibu, "Nyumba yenye msiba haipigiwi hodi. Unaingia, unakaa chini, unanyamaza. Machozi ndiyo yatakayokutaja jina."

Rwegoshora, hayo ni maneno ya baba. Aliyasema siku tulipomzika mama, na sijayasikia kwa mtu mwingine. Macho yangu yalilowa mbele ya wageni. Moyoni mwangu nilikuwa nimekwisha kumpa binti.

Wakati huo Placidia aliinama kumwongezea Elpidius buni. Alisimama ghafla, sahani ikamponyoka.

"Maawe! Kichwa cha huyu kijana kina mwanamke!"

"Ni redio, mama," alisema Leonadi upesi. "Ni redio ya jirani."

"Redio gani inayomwelekeza mposaji? Nimeisikia inasema 'hapo umemgusa, usiongeze neno'!"

Mmoja wa wajomba alipiga ishara ya msalaba. Nilimwomba Elpidius aivue miwani. Aliivua. Macho yake yalikuwa mazima kabisa. Benadeta, aliyekuwa mlangoni, alisahau mahali alipo akapaza sauti, "Asante Yesu, kumbe yanaona!"

Niliigeuza miwani ile mkononi. Mikono yake ni minene kuliko ya miwani yangu, na kila mmoja una matundu madogo kwa ndani. Nikaivaa. Dunia ikawa giza, na karibu na sikio langu, bila kitu chochote kuingia sikioni, nikasikia mtu akipumua. Kisha akanong'ona:

"Elpi? Mbona kimya? Baba mkubwa amelia au hajalia?"

Nikasema, "Elpidius hayupo. Ni mimi."

Halafu sauti ya binti yako, ndogo kuliko siku aliyofika kwangu na sanduku lake, ikasema, "Shikamoo, baba mkubwa."

Nikajibu marahaba, maana salamu haikataliwi. Lakini sikumbuki nilikaaje chini.

Ndivyo nilivyofahamu kwamba miwani ile ni spika. Huungana na simu bila waya, kwa kitu wanachokiita bluetooth, na ina mahali pa kusemea pia. Simu ilikuwa kikapuni miguuni pa Placidia, imeunganishwa tangu saa nne, na kila nililouliza lilikwenda hadi ghala la kahawa nyuma ya nyumba. Humo ndimo alimokuwa Katusiime. Alikuwa ametuaga kwamba anakwenda kusali.

Elpidius alieleza kwamba miwani ile huivaa kwa kazi, ili apokee simu za wateja bila kuachia usukani, na kwamba amezoea kuivaa hata anasahau kuivua. Hilo ningelisamehe. Lakini siku ya posa hakusahau. Harerimana alisimama akachukua fimbo yake. "Mwalimu, leo tulitaka kumwoza binti kwa nani?" aliuliza. "Kijana, au miwani?" Wageni wakaondoka bila kula. Chakula kilikuwa tayari, na unajua hilo halijawahi kutokea katika nyumba hii.

Jioni ile, kabla ya sala, nilimwita Katusiime. Alipiga magoti. Nilitazamia machozi. Hakulia. Alinieleza kwamba mwezi mzima alikuwa akimfundisha Elpidius majina ya baba zake, ambayo yeye mwenyewe aliyapata kwa bibi wa kijana huko Isingiro. Kila alipojaribu kuyataja mbele ya mtu mzima yalimtoka kichwani. Ndipo wakapatana kuhusu miwani. Nilimwambia kwamba ameniaibisha mbele ya watu na kwamba amedanganya baraza.

Akasema, "Baba mkubwa, leo umemuuliza Elpidius maswali kumi na moja. Mimi ninayeolewa, umeniuliza mangapi?"

Nikamwambia kwamba binti haulizwi barazani.

"Ndiyo maana nilikujibu kwa kinywa cha mwingine. Na katika majibu yale, ni lipi la uongo?"

Nililitafuta, ndugu yangu. Nimelitafuta siku nne sasa. Sijaliona. Nimefundisha watoto wangapi, nami nikashindwa kumjibu mmoja aliyepiga magoti mbele yangu. Tena maneno ya baba niliwahi kuwaambia watoto wangu wa kiume mara nyingi, na hakuna aliyeyashika. Aliyeyashika alikuwa jikoni anakoroga uji, wala sikujua kwamba anasikiliza.

Juzi, Jumatatu, Elpidius alikuja peke yake, kwa miguu kutoka barabarani, bila miwani. Aliomba kusema mbele yangu na Placidia. Alianza kuwataja baba zake kwa Kinyambo kibovu, jasho likimtoka. Alifika wa nne akakwama. Akamrudia wa pili, akamchanganya na wa tatu, akaacha. "Mzee," akasema, "wanne ndio ninaoweza. Wale wawili nilisaidiwa. Siku ile niliogopa kwamba mngesema mimi si mtu wa huku."

Nilimwambia aende, nitamwita.

Sasa tumegawanyika. Harerimana anataka jembe lirudishwe Isingiro, na ujuavyo, likirudi posa imekufa, likitiwa mpini imekubaliwa. Anasema uongo wa uchumba ni ndama, na ndani ya ndoa atakuwa fahali. Mimi siwezi kumwambia kwamba amekosea. Placidia, aliyepiga kelele kuliko wote, amegeuka. "Kaka," ameniambia, "marehemu mume wangu nilikuwa namwambia neno mara tatu, hana miwani wala pamba masikioni, na hasikii. Huyu alimsikiliza mwanamke asubuhi nzima asikose hata neno moja. Wewe unamrudishia jembe?" Benadeta naye ameshapeleka mpini kwa seremala ukachongwe, eti usije ukatafutwa kwa haraka. Nimemkemea. Hata hivyo mpini bado uko kwa seremala.

Mimi bado nimeshtuka, na sitajificha kwako. Uongo mbele ya baraza ni uongo. Lakini kinachonikosesha usingizi si spika zile. Ni kwamba niliukubali ukweli wote wa binti huyu nilipodhani unatoka kwa mgeni mwanamume, na nilipojua ni wake, nikaghadhibika.

Baraza litakaa tena Jumapili ya tarehe 20, baada ya misa. Elpidius atakuja uso mtupu, bila simu, na atataja wanne anaowajua. Kisha nakusudia kufanya jambo ambalo baba hakulifanya. Nataka Katusiime akae mbele, juu ya mkeka, nimuulize mimi mwenyewe kama anamtaka mtu huyu na kwa nini, naye ajibu wote wakimsikia. Harerimana amesema akimwona mkekani atatoka. Na atoke. Lakini wewe ndiwe baba yake. Ukikataza, atabaki ndani, nami nitaamua kwa yale niliyonayo. Nipe neno lako kabla ya Ijumaa ya tarehe 18. Barua hii naituma kwa basi ili ikufikie mapema.

Katusiime anakusalimu. Hajaniomba nikuandikie lolote la kumtetea. Anashona kimya, na nguo za wateja zinatoka kwa wakati.

Nisalimie Celestina, umwambie asihuzunike kabla ya wakati. Nisalimie Edgar na mkewe Salvina, na watoto wao wote. Placidia na Benadeta wanawasalimu. Mungu aliyewalinda baba zetu sita, na wengine ambao hata sisi tumewasahau, awalinde huko mliko, awape afya na mkate wa kila siku.

Jembe bado limeegemea ukuta wa sebule. Siku litakapotiwa mpini au kurudishwa, nitakuandikia jioni hiyohiyo, kabla sijavua viatu.

Ndimi kaka yako akupendaye,

Novatus