Laptop ya Kwaya Niliyoipunguza Bei

Makambako,
Jumatano jioni

Mpendwa Baba Rejoice,

Kamwene sana, ndugu yangu Aron, wewe na Mama Rejoice na wote wa hapo Kifanya. Natumaini baridi ya Julai haijawagandisha. Huku kwetu Makambako upepo ndio mwenye mji, sisi wengine ni wapangaji tu. Mimi ni mzima, mke wangu Priska mzima, kasoro goti langu la kushoto ambalo siku hizi linatabiri hali ya hewa kuliko redio. Vipi viazi? Na ile miti yako ya misindano, ambayo kila mwaka unaniambia utaikata mwakani, bado imesimama inakusubiri? Habari za nywele zako siulizi, maana za mwisho niliziaga mwenyewe.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Jumapili nilikupigia nikiwa nimejipanga kabisa kusema haya nitakayoandika. Tukaongea bei ya mbolea, tukaongea ng'ombe wako anayekataa kusimama wakati wa kukamuliwa, ukanitakia usiku mwema, nikakata simu. Jana nikapiga tena. Tukamwongelea ng'ombe yule yule. Nikatambua kwamba mdomo huu, unaonadi kuku wa sadaka mpaka kuku mwenyewe anajiona bata mzinga, kwa jambo hili umefungwa. Basi naandika. Ninachokuomba ni usome mpaka mwisho kabla hujamtuma mtu kuja kumchukua Rejoice Jumamosi kama ulivyosema, na kabla hujamrudia tena kwa maneno kama yale uliyomwambia kwenye simu.

Habari uliyoipata kwa Eveline wa kwaya ni kwamba binti yako, akiwa muuzaji katika duka la kompyuta la Bwana Wiliam hapa mjini, aliliuzia kanisa letu laptop ya uongo. Eveline hakusema uongo. Alisema alichokisikia, na alikisikia kutoka kwangu.

Mambo yalianza na kwaya. Walitaka maneno ya nyimbo yawe yanaonekana ukutani, wapumzishe yale madaftari ambayo kurasa zake zimenata ugali. Projekta tulishapewa, ilibaki laptop. Kamati ikachanga laki nane, halafu wakaanza kutazamana nani akanunue. Mwalimu Brayson, anayeongoza kwaya, ndiye anayezijua hizo mashine, lakini akasema yeye bei hajui kuvutana, akienda dukani analipa kilichoandikwa na kusema asante. Macho yote yakanigeukia mimi. Mtu ambaye amekuza watoto kwa kuvutana bei za mbao, na kila Jumapili ndiye mnadi wa vitu vya sadaka nje ya kanisa, nani angemshinda? Nilikubali haraka mno. Kuhusu kompyuta, nilijua kwamba inafunguka na inafungwa.

Nikaenda kwa Bwana Wiliam, tena kwa furaha, kwa kuwa muuzaji ni mwanangu wa ubatizo, anaishi nyumbani kwangu, asubuhi tunakunywa chai meza moja. Rejoice akanionyesha laptop mpya, nyeusi, nyepesi. Akanitajia sifa zake taratibu: RAM gigabaiti nane, diski ya SSD ya gigabaiti mia mbili hamsini na sita, kioo cha inchi kumi na nne, betri ya saa saba hivi ukiitumia kwa adabu. Mimi nikawa naitikia kwa kichwa kila anapotaja, kama mtu anayekagua mbao na kuona imenyooka. Akasema bei ni laki nane na nusu. Nikaipima mkononi, nikamwambia kitu chepesi hivi hakiwezi kufika laki nane, hata mfuko wa misumari una uzito kuliko hiki. Nikamwambia pia kwamba hizo gigabaiti nane wangejaza zifike kumi ndipo tuongee. Akacheka kwa heshima. Nilidhani anacheka kwa kuwa nimembana.

Bei ikashuka mpaka laki saba. Ilishukaje, nitakuja kukwambia. Nipe nafasi, maana hapo ndipo penyewe. Kwa sasa jua tu kwamba nilirudi kwenye kamati na laki moja mkononi, nikapigiwa makofi. Mwenyekiti akasema laiti wangenituma mimi kununua hata lile bati la ofisi. Nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Wewe unanijua, unyenyekevu wangu unatokea zaidi ninaposifiwa.

Ikafika Jumapili ya mavuno. Kanisa limejaa, mahindi na maparachichi yamerundikwa mbele, ukutani kitambaa cheupe. Brayson akawasha laptop. Ikatokea picha ya mlima na alama ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Akabonyeza huku, akabonyeza kule, akaanza kutoka jasho. Mwisho akageuka akaniuliza, na kipaza sauti kiko wazi, mzee Kefa umeuziwa nini hiki, mbona Windows haimo. Baraza zima la wazee likanitazama. Na mimi nikasema, kwa sauti yangu ya mnada, kwamba basi nimepigwa. Kwaya ikarudi kwenye madaftari yake yenye ugali.

Baada ya ibada nikatoka kunadi kama kawaida. Nanyanyua jogoo, mtu anapaza sauti kutoka nyuma, mnadi, huyo jogoo Windows anayo? Nanyanyua debe la viazi, wananiuliza betri inakaa saa ngapi. Hata mchungaji aligeuka pembeni, mabega yanatikisika. Ningekuwa mtu mzima kweli ningecheka nao yakaisha. Lakini kila kicheko kilinishukia mwilini kama maji ya Njombe asubuhi, na nikawa natafuta mtu wa kumvisha kicheko hicho.

Jumatatu nikaenda dukani na watu wawili wa kamati. Duka lina wateja. Nikaweka boksi juu ya kabati la vioo na kumuuliza Rejoice, kwa sauti ya kufika barabarani, kama ndivyo alivyofundishwa Kifanya, kuliibia kanisa. Alisimama tu. Akasema samahani, baba. Wenzangu wakasikia samahani, wakachukulia kuwa ni kukiri. Tukaiacha laptop tukaambiwa turudi Alhamisi, Bwana Wiliam akiwa amerudi kutoka Mbeya.

Sasa, Aron, ndugu yangu, hapa ndipo napaswa kukwambia bei ilishukaje.

Rejoice aliponiambia laki nane na nusu, nilimwuliza nini kinaweza kuondolewa. Ndivyo tunavyofanya kwenye mbao: kama hutaki irandwe, unasema isirandwe, bei inashuka. Akaniambia kuna moja hiyo hiyo, mashine ile ile, sifa zile zile, ila ndani yake imewekwa programu iitwayo Linux kutoka kiwandani badala ya Windows. Linux hailipiwi, ndiyo maana inapungua. Akanieleza kwamba nyimbo zitafunguka, projekta itashika, ila sura yake ni tofauti, na mtu wa kwaya aje nusu saa tu amwelekeze kabla ya Jumapili. Alinieleza mara mbili, Aron. Mara ya pili alishika kalamu ili aniandikie, nikamwambia aache, hayo nayajua tangu yeye hajazaliwa. Nilichosikia mimi ni laki saba. Brayson sikumwambia aende kuelekezwa, kwa sababu ningemwambia, angejua kwamba sikuvutana na mtu. Nilichagua ya bei ndogo kama mtu mwingine yeyote angechagua. Makofi yale yalikuwa ya bure.

Bado hilo si baya zaidi. Alhamisi nilikwenda peke yangu. Bwana Wiliam ni mtu mpole, hapandishi sauti. Alichomeka ile flashi ya kwaya kwenye laptop, akaunganisha projekta ya dukani, na nyimbo zetu zote zikatokea ukutani, beti kwa beti, mpaka ule wimbo wa Kibena tunaouimba wakati wa kutoa mavuno. Akasema mashine haina ugonjwa wowote. Kisha akaniuliza, kwa upole ule ule, kama binti aliniambia kabla sijanunua kwamba ni Linux. Akasema kwake hilo ndilo la muhimu, maana anafungua duka jingine Njombe mjini na anataka kumkabidhi Rejoice alisimamie, na muuzaji anayeficha kitu hawezi kumkabidhi duka.

Alikuwa amenifungulia mlango mpana, ningepita tu. Rejoice yuko pale pale, anapanga nyaya. Nikasema hakuniambia.

Bwana Wiliam akamgeukia. Naye, badala ya kusema baba huyu anadanganya, akasema huenda sikueleza vizuri. Wewe ulimlea, unajua kwa nini. Mtoto wetu hawezi kumkana baba yake wa ubatizo mbele ya mgeni. Nilijua hawezi. Nilipofungua mdomo nilikuwa nategemea hilo.

Siku hiyo hiyo akaambiwa asirudi kazini. Jioni akarudi nyumbani, akaniwekea maji ya kuoga kama siku zote. Priska akaniuliza mara moja tu, Kefa, kweli mtoto hakukwambia? Nikaongeza sauti ya redio. Kisha ukapiga wewe. Ukaniomba radhi, Aron. Uliniomba radhi kwa ajili ya mwanao, ukasema umeona aibu kunitazama, na biashara hizo sasa basi, arudi Kifanya. Na mimi nikakusamehe. Nikakwambia yaishe, hao bado watoto. Sijui hata nilipata wapi ile sauti. Tangu siku hiyo chai ya nyumbani kwangu hainipiti, na mtoto anaendelea kunimiminia.

Jumatatu hii nilikwenda kwa Bwana Wiliam nikamwambia ukweli. Alinisikiliza, akasema kwa vile nilipiga kelele mbele ya wateja, nirudie mbele ya wateja. Nikarudia. Kulikuwa na bwana mmoja aliyekuja kununua chaja tu, aliondoka akiwa amepata zaidi. Kwenye kamati nimeshasema, na Brayson ameelekezwa kwa nusu saa ile ile, sasa anaringa nayo kuliko mtu yeyote. Kwa washarika wote nitasema Jumapili, kabla sijanyanyua hata jogoo mmoja. Wakitaka mnadi mwingine baada ya hapo, ni haki yao.

Rejoice amerudishiwa kazi. Na duka la Njombe bado ni lake, Bwana Wiliam amesema hivyo kwa mdomo wake, lakini amesema pia kwamba hamhamishi binti wa watu bila ruhusa ya baba yake. Rejoice naye amesema hakuombi, kwa kuwa ulishamwambia arudi. Kwa hiyo jambo lote sasa liko mikononi mwako. Mimi sina uso wa kukushauri. Naweza kukwambia tu kwamba mwanao hakuficha kitu, aliuza kwa uaminifu, na mtu aliyekuaibisha ni mimi, si yeye. Radhi uliyoniomba ile naomba niirudishe ilikotoka, na ya kwangu nikuombe mimi.

Usishangae kuona barua imepigwa chapa. Nimeiandika kwa laptop hiyo hiyo ya kwaya, kwa vidole viwili, mchana kutwa, na mpaka sasa haijanikatalia herufi hata moja. Nitamkabidhi Denis, anayeleta mbolea huko kesho, maana nikiishika mkononi zaidi naweza kuanza kuirekebisha.

Msalimie sana Mama Rejoice, mwambie kama hataki kupokea salamu zangu kwa sasa nitaelewa, aziweke tu mahali. Wasalimie wadogo zake Rejoice, na yule ng'ombe. Priska anawasalimu kwa nguvu zote. Mimi haniongeleshi sana, ila kwenu hana neno. Mungu awalinde na baridi.

Ni mimi ndugu yako,
Kefa Mlowe

Nimefungua tena hapa chini baada ya kutia jina. Niliona si haki barua inayomhusu mtoto iende bila yeye kuijua, nikampa asome kwenye kioo kabla ya kuichapisha. Amesoma yote, amesahihisha herufi nilizoruka. Nikamwuliza kama kuna neno langu angependa litoke. Akanionyesha moja tu. Pale niliposimulia nilivyompigia kelele dukani, nilikuwa nimeandika kwamba alisimama tu, hakulia. Akaniambia, baba, hilo futa, nililia, wewe ulikuwa umeshatoka.

Nimefuta.