Kiapo cha Tarehe 12 Aprili

Jumatatu, 3 Juni

Viapo sita kabla ya saa nne. Msimu wa kahawa umeanza, watu wa Kitura wako mjini kwa wingi na wote wana haraka. Wanataka mhuri, kusomewa hawataki. Nawasomea hivyo hivyo. Kazi ya kamishna wa viapo ni kumwona mtu kwa macho, kumsikia akiapa, ndipo asaini.

Mchana kaja mjane kutoka Ngumbo, Mama Hilda. Ana nakala ya kiapo kilichopelekwa mahakamani. Shemeji yake, Kosmas, ameapa kuwa marehemu hakuacha mke wala mtoto. Nyumba na shamba la mihogo anataka yeye. Chini kuna mhuri wangu na saini, tarehe 12 Aprili.

"Nimezaa naye wanne, Mama Wakili," alisema. "Wewe ulimuapishaje?"

Tarehe 12 Aprili nilikuwa Lipingo, msibani kwa mama mkubwa. Kuna mtu ametumia mhuri wangu, akaghushi na saini.

Jumanne, 4 Juni

Ofisi hii ina watu wawili. Mimi, na karani wangu Osmunda, mwaka wa sita sasa. Nimeuhamishia mhuri kwenye mkoba. Ameona, hakuuliza. Kwa nini hakuuliza? Simu zake anapokelea nje.

Jumatano, 5 Juni

Nimefungua daftari la viapo. 12 Aprili: Kosmas, kupotelewa kitambulisho. Mwandiko wa Osmunda. Basi alikuja hapa, na aliyempokea ni yeye. Kitambulisho ni danganya toto.

Jioni akaniuliza, "Mama, nimekukosea nini?" Nikamwambia hakuna. Nilitamani kumfukuza pale pale. Nimemlea kama mdogo wangu.

Ijumaa, 7 Juni

Mahakamani. Nimeomba kuona kiapo halisi.

Kurasa mbili. Ya kwanza ina matundu ya pini mara moja. Ya pili, mara mbili. Ilibanduliwa kwenye karatasi nyingine. Na saini ya ukurasa wa pili si ya kughushi. Ni yangu. Kalamu yangu, mkono wangu.

Nilikaa kwenye benchi la nje, nikakumbuka.

Nilipoitwa msibani nilisaini na kugonga mhuri fomu kumi tupu za kupotelewa vitu, kurasa mbili kila moja, nikaziandika tarehe za siku ambazo nisingekuwepo, nikamwachia Osmunda. Nilijiona mwema: watu wasipoteze nauli bure. Osmunda alisema, "Mama, hii si hatari?" Nikamcheka. Kosmas alipewa moja, akabadilisha ukurasa wa kwanza.

Jumamosi, 8 Juni

Sikulala vizuri. Ningeweza kusema saini imeghushiwa. Nani angebisha? Osmunda tu, na nani angemwamini. Naona aibu kuwa nimelifikiria hili.

Jumatatu, 10 Juni

Nimemwambia Osmunda yote, pamoja na niliyomdhania. Alisikiliza, akaendelea kupanga mafaili. Chai hakuniletea. Haki yake.

Jumanne, 11 Juni

Nimekwenda kuapa kwa wakili mwenzangu, mtaa wa pili. Tunafahamiana miaka mingi, lakini alinisimamisha, akanitaka nisome kwa sauti. Nikasoma: kwamba tarehe 12 Aprili sikuwepo, kwamba Kosmas hakuapa mbele yangu, kwamba nilisaini karatasi tupu. Nikaapa, naye akagonga mhuri. Leseni yangu labda imekwenda.

Mama Hilda alikuwa nje. Nakala nimemkabidhi mwenyewe. Akaikunja, akaitia kwenye pindo la kitenge, akauliza gari la Ngumbo linaondoka saa ngapi.