Shingo Yangu na Jina la Shangazi

Bariadi, Jumanne. Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua haitaki kushuka. Nami niko vivyo hivyo.

Leo nimepimwa shingo. Tangu kaka Masanja aanguke shambani kule Dutwa na kupooza upande mmoja, daktari anatuhimiza ndugu zake tupime mishipa ya damu. Ukoo haukungoja kipimo. Wameshasema aliyemroga ni Shangazi Kabula: mjane, anaishi peke yake, macho mekundu. Mekundu kwa moshi wa kuni, akitupikia sisi hao hao!

Kesho ni kikao. Wapo wanaotaka afukuzwe. Wapo wanaotaka zaidi ya hapo, na hao ndio wananitisha.

Basi leo hospitalini nikajilaza kitandani na kitambi changu, ambacho kwetu husifiwa kama ng'ombe wa mahari. Daktari, binti wa rika la mwanangu, akanipaka jeli ya baridi shingoni. Nikaruka.

"Tulia mzee wangu, sichinji."

"Mwanangu, Msukuma akipapaswa shingo anajua zamu yake imefika."

Akacheka. Halafu akakirudisha kifaa cha kupimia upande wa kushoto, palepale, akakodolea macho kioo cha ultrasaundi.

Nikaomba shingo iwe safi. Papo hapo nikashtuka: ikiwa safi, kikaoni watasema, mnaona? Damu ya ukoo haina shida, Masanja karogwa.

Sikujua tena niombe nini.

"Mafuta yameanza kuganda kwenye ukuta wa mshipa," akasema. "Bado ni kidogo tu, damu inapita vizuri. Utatumia dawa, utaacha samli, utatembea. Baada ya miezi sita tunapima tena, tuone kama yameongezeka."

Ajabu, nilifurahi! Nimepata ushahidi, nikajiambia. Nikarudi nyumbani nikitamba kama niliyefaulu mtihani.

Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho. "Baba Neema, hawa watu huwajui? Watasema kakuroga na wewe."

Nikakaa chini.

Nimewaza jioni nzima. Picha ya mshipa hawataiamini. Watakachoamini ni tumbo. Kwetu, chakula cha unayemwita mchawi hukigusi. Kwa hiyo kesho, kabla ya kikao, nitaketi uani kwa Shangazi, wote wakiniona, nile ugali aliousonga yeye. Atakayetaka kumgusa aanze na mimi.

Hayo ni maneno ya ujasiri. Ila hapa siandiki uongo: utotoni nilizisikia hadithi zilezile walizosikia wao.

Tonge la kwanza, je, nitalimeza?