Wimbo wa Sita wa Furaha

Bujumbura

Mdogo wangu Furaha,

Nakusalimu kutoka huku Mutanga Sud. Mguu wa mama unaendeleaje? Na koo lako, bado lipo? Mimi mwili mzima, moyo ndio hauko mahali pake.

Albamu yako ya roki nimeipata. Uliomba ukweli kabla ya kuizindua hapo Kalemie, basi upokee. Sauti yako ina nguvu, haibembelezi mtu. Gita linakwaruza pale panapouma. Lakini nyimbo kumi ni nyingi: mbili ni mapacha, ya nne haijui imalizikie wapi, na ngoma zinafunika maneno. Nauza spika, na kazi hii nilijifundisha mwenyewe, kelele nazijua.

Niliipiga dukani. Mama Zubeda, jirani yangu muuza vitambaa, akaingia na vidole masikioni.

"Huyu mutoto anaimba ao anagombana na mutu?"

Tukacheka. Ulipoanza wimbo wa sita, akavuta kiti. Ulipoisha alikuwa anafuta macho.

"Huyo kaka ni mubaya sana! Baba yake anazikwa na koti ya jirani, yeye tajiri hatumi hata kifungo. Unamujua?"

"Namujua," nikajibu.

Furaha, nani alikuambia sikujaribu kutuma? Suti ya baba niliinunua siku ile ile nilipopata habari ya msiba. Nikafika nayo mpakani Gatumba, nikakuta pamefungwa. Niliwasihi askari, nikalia mbele za watu, mimi mtu mzima. Nikampigia baba mdogo, akasema atawaeleza. Wewe hukuniuliza, ukatunga wimbo.

Ningekuambia uuondoe kwenye albamu. Lakini hesabu ni hesabu: ndio bora kuliko yote, ngoma zimenyamaza, wewe na gita tu. Ukiuondoa, kinachobaki ni kelele. Ukiuacha, kila atakayeupenda atanichukia, na siku ya uzinduzi mama atakaa mstari wa mbele. Nitarudi nyumbani kwa mlango gani?

Nakusihi, kaa na mama kabla hujapanda jukwaani, umweleze habari ya mpaka. Usiimbe, ongea. Akishajua, Kalemie nzima na inilaani, mradi yeye asiwemo.

Nisalimie mume wako, apunguze mkono kwenye ngoma. Baba mdogo umwulize alinyamazia nini. Salamu zangu kwa mama nimezishikilia, nitazituma ukishamweleza.

Kaka yako,
Salvator